Muulize Mjomba: Ghala nimelipanga, sasa naambiwa hayo walikuwa wakiyajua

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Kisauni na wanangu wawili. Kwa miaka tisa niliajiriwa katika kituo kimoja cha makontena hapa Mombasa. Niliingia nikiwa karani wa kupokea mizigo, nikatoka nikiwa msimamizi wa zamu. Mwaka juzi niliacha ajira nikaanza kujitegemea. Kazi yangu sasa ni kuwashauri wenye maghala: naitwa, natazama mali inaingiaje, inalalaje na inatokaje, kisha naonyesha inapokwama na namna ya kuikwamua. Wengi hawajui kama hiyo ni kazi. Hata nyumbani nikiulizwa nafanya nini, naishia kusema "mambo ya bandari" ili tuyamalize.

Mwezi wa Aprili, masika ndiyo kwanza yanaanza, nilipigiwa simu na mfanyabiashara mmoja rafiki ya baba. Tangu utotoni namwita ami. Anaingiza na kusambaza mchele, mafuta ya kupikia, sabuni na nyanya za mkebe, na ana godauni Shimanzi. Tulikaa ofisini kwake, kahawa ikaletwa, tukakubaliana kwa mdomo: wiki tatu, shilingi 120,000. Siku ya kwanza akanitumia 30,000 kwa M-Pesa, akasema ni malipo ya mwanzo, nyingine nikimaliza.

Godauni lile, mjomba, lina mlango mmoja tu. Kontena likifika, watu wote roho juu, kwa sababu kampuni ya meli imetoa siku chache tu za bure za kurudisha kontena tupu, na zikipita kila siku ina bei yake. Dereva wa trela naye anataka kuondoka. Basi mahamali wanashusha pale pale mlangoni, popote penye nafasi. Kontena la pili linashushwa mbele ya la kwanza, la tatu mbele ya la pili. Mali mpya imekuwa ukuta wa mali ya zamani. Nilipojipenyeza ubavu ubavu baina ya magunia hadi ukuta wa nyuma, nilikuta katoni za nyanya zilizopitwa na tarehe miezi minne. Za chini zimepondeka, mikebe imevimba, mingine imepasuka, nyanya imegandia sakafuni nyeusi kama lami na sisimizi wameshika njia. Wakati huo huo mlangoni zinapakiwa nyanya mpya kabisa kupelekwa madukani. Na mafuta, ambayo haipiti saa moja bila kuulizwa, yalikuwa nyuma ya mchele.

Sikufanya miujiza. Niliomba mistari ya rangi ya manjano ipakwe sakafuni na iachwe njia ya kupita foklifti, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Mafuta yakahamia karibu na mlango. Kila paleti ikabandikwa karatasi yenye siku iliyoshushwa na tarehe ya kuisha, kwa kalamu nene, na amri ikawa kinachoisha mapema ndicho kitoke mapema. Nikaandika ripoti ya kurasa 11. Ami akafuata karibu yote. Kufikia mwisho wa Juni, askari wa getini mwenyewe aliniambia kwamba trela zilizokuwa zikiondoka jua likizama, sasa ikifika saa nane mchana zimeshaondoka.

Tangu Julai naulizia zile 90,000 zilizobaki. Mara subiri mwisho wa mwezi, mara mhasibu amesafiri. Wiki iliyopita, miezi mitatu imekatika, nilikwenda mwenyewe. Akaniambia kwa upole kabisa: "Binti yangu, tuambiane ukweli. Haya uliyoyaandika, mzee wa stoo amekuwa akinieleza miaka yote. Sasa nikulipe kwa kuniandikia ninayoyajua?" Na kabla sijapata la kujibu, akaongeza kuwa ana godauni jingine Jomvu anataka nilitazame, safari hii kwa makubaliano mapya: mwanzo nisilipwe kitu, ila pesa nitakazomwokolea, asilimia 10 iwe yangu.

Kilichonichoma ni kwamba ana nusu ya ukweli. Mzee wa stoo ana miaka 19 pale. Asubuhi yangu ya kwanza ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kule nyuma. "Mwanangu, mimi nimesema mpaka nimechoka," aliniambia. Niliyoyaandika, sehemu kubwa ilianzia kinywani mwake. Na jina lake sikulitaja popote.

Baba anataka kwenda kuzungumza na rafiki yake. Mama anasema nirudi kwenye mshahara. Mimi sijui hata kama nina haki ya kudai. Nifanyeje? Na Jomvu niende?

Mpwa wako, Kisauni

Jibu la Mjomba

Marahaba, mpwa wangu.

Unadai halali yako. Mlikubaliana bei, ukafanya kazi, kazi ikatumika. Hilo nalitanguliza ili tukizungumza mengine usije ukadhani nalitilia shaka.

Sasa tuje kwa mzee wa stoo, maana naona ndiye anayekunyima usingizi kuliko ami yako. Mimi nimefanya kazi maghalani zaidi ya miaka 30, Shimanzi na Changamwe, na sijapata kuingia godauni lisilokuwa na mtu anayejua tatizo liko wapi. Pengine ni mtunza stoo, pengine ni hamali, pengine ni mama anayefagia, kwa sababu yeye ndiye anayeona kila siku mali inamwagikia wapi. Kinachokosekana ni mtu wa kuyakusanya wanayoyajua, kuyapima, kuyachora mahali pamoja na kuyafikisha mezani kwa mwenye mali. Mzee alisema miaka 19 na godauni likabaki vile vile. Wewe umekaa wiki tatu, likageuka. Baina ya maneno yake na ile mistari ya manjano pana kazi, na kazi hiyo umeifanya wewe.

Kwenye viwanda vya Toyota kule Japani alikuwako mtu akiitwa Taiichi Ohno, mmoja wa walioujenga utaratibu wao wa uzalishaji. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni, akamsimamisha humo meneja au mhandisi kwa saa nyingi, atazame tu kazi inavyokwenda. Watu wenye vyeo vyao walisimamishwa wajifunze kwa macho yale ambayo fundi wa pale chini anayajua kwa mikono. Ulipomfuata mzee yule hadi ukuta wa nyuma, ulifanya jambo la aina hiyo hiyo bila kuchorewa duara. Usilionee haya.

Ila jina lake kutoliandika, hapo ulikosea, nami sitakuficha. Kama ukurasa wa kwanza ungesema "tatizo hili mtunza stoo amelieleza mara nyingi, nasi tumelipima", ami yako asingekuwa na neno la kukurudishia wiki iliyopita. Lingekuwa tayari limeandikwa, tena na wewe mwenyewe. Na mzee angesikia jina lake likisomwa ofisini baada ya miaka 19 ya kusema bila kusikilizwa. Bado hujachelewa. Karatasi nitakayokueleza hapa chini, weka jina lake juu.

Umeniona nimeandika "tumelipima". Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya kazi yako, kubwa kuliko kukosa mkataba wa maandishi: hukupima kabla hujagusa. Uliingia, ukaona, ukarekebisha. Rekebisho zuri la godauni, baada ya wiki mbili, huonekana kama kitu kilichokuwapo siku zote. Njia ya katikati ipo, watu wanapita, nani anakumbuka kwamba Aprili watu walipenya ubavu ubavu? Mwenye mali hakumbuki. Pengine ami yako hata hakudhulumu kwa makusudi. Godauni limetulia, naye anajiuliza kwa dhati ni nini hasa ulichofanya.

Nilijifunza hili nikiwa karani kijana katika ghala moja la chai, Shimanzi. Unajua chai ya mnada wetu wa Mombasa, ya Kenya na ya nchi jirani, hulala magodaunini ikisubiri mnunuzi na meli, na chai hunyonya unyevu na harufu kama sifongo. Siku moja upande wa pili wa godauni ikaingizwa sabuni ya unga, ikakaa. Nilimwambia msimamizi wangu kwa mdomo, mara ya kwanza na ya pili. Baadaye chai ile ikakataliwa, inanuka. Tukaitwa. Sabuni iliingia lini? Ilikaa siku ngapi? Ilikuwa umbali gani na chai? Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mstari mmoja wa maandishi. Msimamizi akasema paa linavuja, na paa kweli lilikuwa linavuja kidogo, basi likabeba lawama yote. Mimi niliyeona na kusema nikabaki sina pa kushika. Tangu siku ile daftari dogo halijatoka mfukoni mwangu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya mshauri nayo ni mali.

Lakini wewe una bahati. Godauni la ami yako lina madaftari ambayo hukuyaandika wewe, kwa hiyo hakuna atakayesema umeyapika.

La kwanza ni la getini. Askari huandika nambari ya trela, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Chukua Januari hadi Machi, kabla hujaja, kisha Julai hadi Septemba. Nimekuchagulia miezi hiyo kwa makusudi: yote iko nje ya kilele cha masika. Ukilinganisha Mei na Agosti, mtu atasema mvua ndiyo iliyochelewesha trela za Mei, na atakuwa amesema kweli, maana mchele haushushwi mvua ikinyesha. Andika kila trela ya kontena ilikaa saa ngapi, jumlisha, gawanya kwa idadi ya trela. Utapata nambari mbili. Tuseme ni saa tisa kabla na saa tano baada. Hizo saa nne, zidisha kwa makontena ya miezi mitatu. Kisha muulize mhasibu ni mara ngapi walilipa faini ya kuchelewesha kontena tupu katika vipindi hivyo viwili. Ankara za kampuni ya meli anazo kwenye faili.

La pili ni daftari la malipo ya mahamali, na hapa nataka ukae sana. Kontena la futi 20 la mchele, kwa magunia ya kilo 25, laweza kuwa na magunia kama 1,000. Hizo ni tani 25. Likishushwa mlangoni, kisha kesho magunia yakaondolewa ili mafuta yafikiwe, kisha yakarudishwa, tani 25 hizo hizo zimepanda migongoni mwa watu mara mbili zaidi bila gunia hata moja kuuzwa. Nimewaona mahamali wa Shimanzi saa tisa mchana, mabati yamewaka juu, kitambaa cha kichwani kimelowa hata hakikamuliki, wanarudisha mzigo ule ule waliouhamisha asubuhi. Wanalipwa, ndiyo, kwa hiyo mwenye mali anatoa pesa. Lakini mgongo nao unalipa. Tafuta katika daftari siku zilizoandikwa "kupanga" au "kuhamisha", ambazo hakuna kontena lililoingia wala lori lililotoka. Hesabu za kabla na za baada. Nadhani hapo ndipo utakapokuta pesa nyingi kuliko kwenye nyanya zote zilizooza.

Nyanya zenyewe ni hesabu fupi: katoni ngapi zilitupwa, kwa bei ya kununulia.

Madaftari haya ni ya ami yako, kwa hiyo usiyafungue kwa mlango wa nyuma. Mpigie simu: "Ami, nataka kuifunga ripoti yangu kwa kuhesabu godauni limekuokolea kiasi gani. Naomba ruhusa nitazame daftari la getini na la mahamali." Sidhani atakataa. Ni mfanyabiashara, naye anataka kuijua nambari hiyo kuliko wewe.

Ukishapata, andika karatasi moja tu. Kurasa 11 zilikuwa nyingi kwa mtu anayeendesha biashara na simu tatu mezani. Juu jina la mzee wa stoo na alichokuwa akikisema. Katikati kabla na baada. Chini salio lako, shilingi 90,000.

Baba asiende. Najua kwetu ndivyo inavyofanywa, mzee humwendea mzee, na kwa mambo ya ndoa au mpaka wa shamba ningekwambia mwache aende. Hapa sivyo. Baba akienda, deni la kazi linageuka kuwa jambo la heshima baina ya marafiki wawili. Ami yako akilipa, atakuwa amemlipa baba yako hisani, si wewe ujira. Asipolipa, urafiki wa miaka mingi utakuwa umeharibika kwa godauni ambalo baba hajawahi kuliona. Na safari ijayo, mteja mwingine atauliza kama kuna mzee wa kuzungumza naye.

Nenda mwenyewe, asubuhi, kabla makontena hayajaanza kumtafuta. Msalimie kama ulivyomsalimia siku zote, ulizia watoto, kunywa kahawa yake. Kisha weka karatasi mezani, useme: "Ami, kweli mzee wa stoo aliyajua haya, nimemwandika hapo juu. Mimi nimeyapima na kuyapanga, na hiki ndicho kilichopatikana. Salio langu ni 90,000. Nipe tarehe." Halafu nyamaza. Najua kunyamaza mbele ya mtu uliyemwita ami tangu utotoni ni kazi, mdomo utataka kuongeza "lakini kama haiwezekani basi". Usiuache. Akitaka kulipa kwa awamu, kubali, ziandikwe na tarehe zake. Akitaka kupunguza, usikubali hata shilingi, kwa sababu bei mliikubali kabla kazi haijaanza.

Pamoja na karatasi hiyo mpe ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Tangu Januari 2024, gharama isiyokuwa na ankara ya namna hiyo, kwa kawaida mhasibu wake hawezi kuikata kwenye hesabu ya kodi ya mapato. Kwa hiyo ankara yako ina faida kwake pia, mwambie hivyo. Kama wewe ulikuwa ukitoa risiti za kitabu, hilo nalo huenda ndilo lililomfanya mhasibu "asafiri". Wakikata kodi ya zuio ya asilimia 5 usigombane nao. Kwenye 120,000 ni shilingi 6,000, zinakwenda KRA kwa jina lako, na cheti chake kinaonekana kwenye iTax, mtandao wao wa kodi. Cheti kisipoonekana, hapo sasa uliza.

Na kama atakataa kabisa? Ipo Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwamo ya huduma iliyotolewa, sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano. Ujumbe wa M-Pesa wa zile 30,000, siku ya kwanza ya kazi, ni shahidi mzuri sana, na jumbe zote za WhatsApp za "subiri mwisho wa mwezi" zinaonyesha kwamba deni alilijua. Zihifadhi leo, simu huibwa. Lakini siku ya kwenda na karatasi, mahakama usiitaje. Iwe moyoni tu, ikupe utulivu wa kukaa kimya baada ya kusema "nipe tarehe".

Sasa Jomvu.

Asilimia 10 ya akiba inavutia ukiisikia, nami nakusihi uikatae kwa sura hiyo. Kwanza, nani atahesabu akiba? Mhasibu wake. Bei ya mchele ikipanda, akiba itamezwa. Ikishuka, utaambiwa ni bei, si wewe. Lakini lililo kubwa zaidi ni hili: akiba iliyo rahisi kuhesabika katika godauni lolote ni mshahara wa mtu. Saa za trela zinataka kupimwa, mali iliyooza inataka kutafutwa nyuma ya ukuta, lakini ukiondoa vibarua sita, akiba inaonekana Jumamosi hiyo hiyo kwenye orodha ya malipo. Ukilipwa kwa asilimia, hata uwe na moyo gani, macho yako yataanza kuwaangalia watu kabla ya kuangalia mali. Nimewaona washauri wazuri wakiharibika hivyo. Wanaingia godauni na mahamali wanaacha kuzungumza nao, na mshauri asiyezungumzwa naye na mahamali hajui kitu, atabaki kusoma makaratasi. Asubuhi ile mzee wa stoo alikushika mkono kwa sababu hakukuogopa. Huo ndio mtaji wako, mpwa wangu, kuliko cheti chochote.

Na kama siku moja kazi yako itaonyesha kweli kwamba watu ni wengi kuliko kazi, basi uandike pia kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 ina utaratibu wa kupunguza wafanyakazi: notisi isiyopungua mwezi mmoja, ofisa wa kazi ajulishwe, na kiinua mgongo kisichopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Ukimwandikia mwenye mali akiba bila gharama hiyo, umemdanganya.

Masharti yangu ya Jomvu ni haya. Shimanzi ilipwe kwanza, au angalau awamu ziwe zimeanza kuingia. Makubaliano yaandikwe, hata ukurasa mmoja, hata kwa Kiswahili cha kawaida: utafanya nini, siku ngapi, bei gani, nusu inalipwa kabla hujavaa viatu. Wiki ya kwanza iwe ya kupima peke yake, na ilipwe kama kazi nyingine. Wiki hiyo usihamishe hata katoni. Keti karibu na mlango na saa yako. Trela imeingia saa ngapi, gunia la kwanza limeshuka saa ngapi, la mwisho limelala mahali pake saa ngapi. Fuata mzigo mmoja uone unaguswa mara ngapi kabla ya kutoka. Chagua mahali 50 ndani ya godauni, hesabu kilichopo kwa mkono, linganisha na kilichoandikwa kwenye stoku. Ikiwa mahali 31 panalingana, hiyo ni asilimia 62, na ami yako aitie sahihi nambari hiyo pamoja nawe, siku hiyo hiyo. Baada ya hapo anza kupaka rangi. Akipenda kukuongezea kitu nambari zikiboreka, na iwe juu ya ujira wako, na kwa mambo mliyoyataja: saa za trela, mali iliyoharibika, hesabu inayolingana. Mishahara isiwemo.

Mama hakukosea kuwaza mshahara, ana wajukuu wawili wa kuwafikiria. Ukihitaji kurudi kwenye ajira miezi kadhaa ili ada zilipwe, rudi, hakuna aibu. Ila kuna njia ya katikati ambayo naona hujaijaribu. Usiuze ripoti na kwaheri. Godauni hurudi lilikotoka. Foklifti hukwaruza rangi, katoni moja huwekwa njiani "kwa muda tu", na ikifika Desemba, mizigo ya sikukuu ikiingia kwa pamoja, njia yako ya Shimanzi utaikuta imejaa sabuni. Muuzie mteja siku moja ya kila mwezi: unakwenda, unahesabu mahali 50, unatembea njia hadi ukuta wa nyuma, unamwachia karatasi moja. Bei iwe ndogo lakini ya kila mwezi. Wateja wanne wa namna hiyo wanatuliza nyumba kuliko ripoti moja kubwa isiyolipwa.

Wiki hii basi, kwa ami usiende bado. Piga simu ya ruhusa, kisha nenda getini uombe daftari la Januari. Mchukulie mzee wa stoo kahawa, kaa naye, akusaidie kukumbuka siku zile za "kuhamisha" zilihamishwa nini na kwa nini, na umwambie kwa kinywa chako kwamba safari hii jina lake linaandikwa. Ukipata zile nambari mbili za saa za trela nitumie, tuiandike pamoja ile karatasi moja.